Pikipiki ya Mama Neema

Najua nimepotea kwa muda. Wale mnaoulizia sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, naomba subira, inakuja. Leo niruhusuni niweke kompyuta kando niwasimulie habari ya pikipiki. Msikimbie! Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba hatukwenda mbali sana na mambo yetu ya kila siku.

Pikipiki yenyewe si yangu, ni ya mke wangu, Mama Neema. Yeye alisomea afya ya mifugo, na huku Kaloleni tunakoishi wakulima humwita daktari tu. Hutibu mbuzi, huchanja kuku, lakini kazi yake kubwa ni uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba bila fahali. Kabla ya kumwoa sikujua kwamba kazi hiyo ni mbio za saa. Ng'ombe hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi hata siku moja. Kanuni waliyofundishwa ni kwamba akionekana na joto asubuhi, ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Daktari akichelewa, mkulima hana la kufanya ila kungoja wiki tatu nyingine, huku akimlisha ng'ombe asiye na ndama tumboni.

Kwa miaka miwili alikuwa akipanda bodaboda. Shida ilikuwa ule mtungi wake. Mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kifuniko cha mtungi hakibani, kwa sababu naitrojeni huchemka polepole muda wote na gesi yake lazima ipate pa kutokea. Kwa hiyo mtungi husafiri wima, na ukitikiswa hutoa moshi mweupe. Basi wapo vijana wa boda waliokuwa wakiona ule moshi wanadhani mama amebeba gesi ya kupikia inayovuja, wanawasha pikipiki na kuondoka zao :-) Wengine walikubali kumbeba, lakini kwa bei ya watu wawili. Mvua ikinyesha hawakuja kabisa.

Siku moja akafika kwa mjane mmoja saa nne baadaye kuliko alivyoahidi. Ng'ombe alikuwa ameshatulia. Yule mama hakulalamika, alimpa chai tu. Mama Neema alirudi nyumbani, akavua gambuti, akaniambia, "Baba Neema, nanunua pikipiki."

Mimi nikafanya kile ambacho watu wa fani yetu hufanya tukiogopa: nikafungua jedwali. Nikaandika bei, bima, petroli, matairi, riba ya mkopo wa sacco, nikazitoa kwenye nauli aliyokuwa akilipa. Nilitaka hesabu ikatae. Haikukataa. Ilisema pikipiki itajilipa, tena mapema. Nikaongeza safu nyingine ya gharama, nikaiita "dharura". Akaisoma, akacheka, akauliza, "Hii dharura ni nini hasa?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule, nikasema tutaongea. Ukweli ni kwamba nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni nilimzika rafiki yangu. Tulikuwa tukikaa dawati moja kwenye maabara ya kompyuta. Alikuwa abiria nyuma ya boda, bila kofia ngumu, usiku, na hakufika bwenini. Tangu hapo nikisikia pikipiki ikipita usiku huwa nasikiliza hadi mlio ufifie. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mke wangu. Nilimwambia habari za riba.

Akanunua. Boxer 150, mpya kabisa, nyekundu, injini ya sentimita za ujazo 144.8. Pamoja na bima, kofia mbili nzuri na majaketi mawili ya kuakisi mwanga, tulitumia karibu shilingi laki mbili. Leseni alikuwa ameshaitafuta kimyakimya. Alikwenda shule ya udereva kila Jumamosi, na mimi nilidhani yuko kwenye chama!

Sasa, wengi wetu tukinunua kifaa kipya tunatupa kitabu cha maelezo ndani ya kabati. Mama Neema alikisoma kama anavyosoma karatasi ya dawa, kalamu mkononi. Jioni ya kwanza akaniuliza swali ambalo mimi na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta hatukuweza kulijibu: kwa nini injini mpya isikimbizwe? Jibu alilipata mwenyewe. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda zikiwa mpya huwa bado hazijalingana. Ndani kuna mikwaruzo midogo ambayo chuma hukisugulia chuma hadi vikaane vizuri. Ukiipa injini nguvu nyingi mapema, joto linazidi na ringi haziketi sawa. Ukienda mwendo mmoja tu siku nzima pia si vizuri. Inatakiwa ubadilishe mwendo, upumzishe. Na vumbi la chuma linalotokana na kule kusuguana huingia kwenye oili, ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, kwenye kilomita 500, hata kama bado inaonekana safi.

Oili nayo ilikuwa somo zima. Dukani muuzaji alimpa oili ya gari, akasema, "Mama, ni ile ile tu, tena bei nafuu." Mama Neema akageuza chupa akatafuta herufi, hakuziona, akairudisha. Nami nikajifunza pale pale kaunta. Maandishi 20W-50 yanaeleza uzito wa oili: namba ya kwanza, yenye W, ni tabia yake ikiwa baridi, na ya pili ni uzito wake ikishapata joto la nyuzi 100. Lakini hiyo haitoshi. Klachi ya pikipiki kama hii imezama ndani ya oili ile ile ya injini, na klachi inataka msuguano. Baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, hivyo klachi inaanza kuteleza, injini inanguruma lakini pikipiki haivuti. Wajapani waliweka kipimo cha jambo hili kiitwacho JASO: chupa yenye JASO MA inafaa klachi ya namna hii, na yenye MB imelainishwa zaidi, kwa hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu. Oili mbili, uzito mmoja, namba zile zile mbele ya chupa, na moja itakuharibia klachi. Mtu aliyewahi kuweka toleo lisilo sahihi la maktaba ya programu ananielewa.

Hapo nikaona nafasi yangu ya kusaidia. Kwa wikendi mbili nikaandika programu ya simu ya kumkumbusha matengenezo. Ilikuwa na rangi nzuri, na kengele. Ikamkumbusha kubadilisha oili akiwa amemshika ng'ombe. Ikamkumbusha tena wiki ambayo Neema aliugua na pikipiki haikutoka uani hata siku moja. Kosa langu lilikuwa la aibu: nilihesabu siku, wakati chuma huhesabu kilomita. Nikairekebisha, ikawa inamtaka aingize kilomita kila jioni. Lakini mikono yenye grisi haiandiki kwenye kioo cha simu. Baada ya mwezi nikatazama data: maingizo manne.

Yeye alikuwa na daftari la kurasa 48. Alilitoboa tundu, akalifunga kwa uzi pamoja na kalamu, akaliweka ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kamba za mtungi. Kila akitia petroli aliandika tarehe, kilomita na lita. Kila akigusa kitu aliandika amegusa nini. Daftari lilikuwa mahali pikipiki ilipo, wakati wote. Programu yangu ilikuwa mahali nilipo mimi.

Haya, turudi kwenye lile lililonifanya niandike.

Kilomita 500 zilipofika, alipeleka pikipiki kwa fundi mmoja mjini kwa matengenezo ya kwanza. Alitaka kusimama aangalie, lakini akapigiwa simu kuna mbuzi amevimba tumbo, akaenda. Jioni akaikuta tayari: oili mpya, cheni imekazwa, imeoshwa hata inang'aa. Akalipa kwa M-Pesa akarudi nyumbani, giza limeshaanza kuingia.

Asubuhi yake aliamka saa kumi na moja. Alikuwa na miadi na mkulima upande wa chini, kule ambako barabara ya murram inateremka kama ngazi, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa bado kitandani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, yeye huizunguka pikipiki na tochi: matairi, oili, breki mbili, cheni, taa, nati. Dakika tano hivi. Nilikuwa nimeshamwambia mara kadhaa kwamba pikipiki mpya haina haja ya hayo yote, na hasa siku ile, maana imetoka kwa fundi jana.

Nikasikia, "Baba Neema, njoo."

Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele. Nikatoka na kikoi. Alikuwa amechutama kwenye gurudumu la nyuma, tochi ameishika kwa meno. Akanionyesha nati kubwa ya ekseli, ile inayoshika gurudumu la nyuma, akaizungusha. Kwa vidole viwili. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa.

Kueleza kwake ni rahisi. Ili ukaze cheni, lazima kwanza ulegeze hiyo nati, uvute gurudumu nyuma kidogo pande zote mbili kwa usawa, halafu uikaze tena. Fundi alifanya hatua mbili za kwanza. Labda aliitwa, labda simu ililia. Sikumjua vya kutosha hata kumlaumu vizuri. Ninachojua ni kwamba mke wangu alikuwa ameshaiendesha vile kutoka mjini, gizani.

Nilitaka kwenda kumgombeza fundi saa ile ile, nikiwa na kikoi changu. Mama Neema akaniambia, "Utakwenda baadaye. Sasa nitafutie spana, ng'ombe hangoji." Nyumbani kwetu hatukuwa na spana ya saizi ile. Nilikuwa na bisibisi ndogo za kufungulia kompyuta, seti nzima, zenye sumaku! Nikakimbia kwa jirani mwenye boda, nikamwamsha. Alikuja na spana yake, akaangalia ile nati, akatikisa kichwa, akamwambia mke wangu, "Shemeji, wewe kaza, mimi nitazame." Akakaza mwenyewe. Jirani akajaribu baada yake, ikakataa kusogea. Akatia mtungi kamba, akaondoka.

Nilibaki uani. Saa mbili na nusu akatuma ujumbe: "Nimefika. Tumemuwahi." Ndipo nikaingia ndani nikakaa. Jioni ile nikamweleza habari za rafiki yangu wa chuoni, kwa mara ya kwanza. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Ungeniambia hivyo tangu siku ya jedwali, ningenunua hiyo pikipiki pamoja na spana." 

Jumamosi tulikwenda kununua spana. Kwa fundi nilikwenda pia, nikiwa nimeshapoa. Nikamweleza tulichokikuta, akaomba msamaha, akatazama chini. Nikakumbuka Ijumaa moja jioni niliposukuma mabadiliko kwenye seva ya mteja bila kuyajaribu, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda harusini. Mteja alipoteza oda za usiku mzima. Hakuna aliyeumia, na hiyo haikuwa kwa sababu ya uhodari wangu.

Tangu hapo kazi nyingi hufanyika uani kwetu. Oili anamwaga mwenyewe injini ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu oili ya moto kidogo hutoka vizuri pamoja na uchafu wake. Nati ya chini huirudisha kwa mkono kwanza, ndipo spana, maana ukiilazimisha ikiwa imeingia upande unaharibu nyuzi za injini na hasara yake ni kubwa. Oili chafu haimwagi chini. Seremala wa jirani huichukua apake nguzo zisiliwe na mchwa. Filta ya hewa, kwa vumbi la huku, huitazama mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Cheni huisafisha kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu ya meno, kisha huipaka oili nzito ya gia, SAE 90, kidogo tu. Wenye boda wengi hupaka ile oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure, lakini inarukia kila mahali na vumbi inalolikusanya hugeuka msasa.

Na mimi je? Nikapewa kazi ninayoiweza. Kila Jumapili napiga picha kurasa za daftari, naingiza namba kwenye jedwali. Ile programu niliizika :-) Njia ya kupima matumizi ya petroli ni moja: jaza tangi hadi mahali pale pale kila mara, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukipata kama kilomita 46 kwa lita. Mfano, kilomita 312 kwa lita 6.8. Halafu ghafla nikaona 301 kwa lita 7.9, yaani 38. Nikadhani amekosea kuandika. Tangi lililofuata, 38 tena.

Nikatoa nadharia zangu zote. Labda petroli imechanganywa na mafuta ya taa, mchezo ambao serikali iliuwekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzima. Labda kabureta. Labda plagi. Mama Neema hakubishana. Alifungua daftari akauliza, "Kabla ya namba kubadilika niligusa nini?" Mstari ulikuwepo: "Nimekaza cheni."

Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gia huru, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likaenda nusu duara, likasimama. Breki ilikuwa inashika. Tukakaa pale chini tukaitazama hadi tukaelewa. Breki ya nyuma ya pikipiki hii huvutwa na chuma kirefu kutoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu. Ukikaza cheni, gurudumu linarudi nyuma. Kile chuma hakirefuki, kwa hiyo kinauvuta mkono wa breki, na breki inabaki imeguswa hata mguu ukiwa mbali na pedali. Injini ilikuwa ikipambana na breki njia nzima, ndiyo maana ya zile lita. Na breki inayosugua muda wote hupata moto, na breki yenye moto haikusaidii kwenye mteremko. Akalegeza nati ya kile chuma hadi pedali ikapata nafasi kidogo, gurudumu likazunguka hadi likachoka. Tangi lililofuata: 45.

Wenzangu wa kompyuta, mmeshaona. Umerekebisha kitu kimoja vizuri kabisa, kama kitabu kinavyosema, na umeharibu kingine usichokigusa. Na hitilafu haikuonekana kwenye breki, ilionekana kwenye petroli. Kilichotuokoa ni mstari mmoja wa kalamu ulioandikwa siku ambayo hakuna kitu kilikuwa kimeharibika. Siku hizi kazini nimekuwa msumbufu kwa jambo hilo. Kila badiliko nataka liandikwe, hata dogo, na kabla ya kukisia nauliza kama Mama Neema: tuligusa nini?

Pikipiki sasa imevuka kilomita 9,000. Rangi imepauka kidogo, kiti kina kiraka. Yule mjane ana ndama jike, na jina lake sitalitaja maana mtanicheka: wamemwita Boxer.

Hofu yangu haijaisha, nisiwadanganye. Asubuhi nikisikia amemaliza kuizunguka na tochi, natoka kama ninayekwenda kuchota maji, nainama, nashika nati ya ekseli. Haijawahi kusogea. Kwa muda mrefu nilidhani hajui. Juzi nikakuta spana imeachwa makusudi juu ya kiti, upande wangu.

Haya, nikomee hapa. Wenye pikipiki, kesho asubuhi kaguzeni hiyo nati kabla ya kuwasha. Makala ya hifadhidata ni wiki ijayo, naahidi. Tuonane panapo majaliwa.